Kuwinda kasoro za fuwele kwa kuhesabu majirani: hatua kwa hatua, kuanzia sinia la povu mpaka Python

Chukua waya wa shaba, ule mmoja mnene wa ndani ya kebo ya umeme wa nyumba, uchome kwenye moto wa gesi mpaka uwe mwekundu halafu uache upoe. Utaupinda kwa vidole viwili tu. Sasa upinde na kuukunjua palepale, rudia tena na tena, utasikia unakaza, unazidi kukaza, mwisho unakatika. Hamna shaba iliyoongezeka humo wala iliyopungua, kilichobadilika ni mpangilio wa atomi: kwenye metali atomi zimejipanga kwa safu zinazojirudia, hiyo ndo fuwele, na pale safu zinapokosea ndo kasoro, sasa kasoro hizo zimezaliana zikaanza kuzibiana njia.

Na kasoro hizi ndo kila kitu kwenye nguvu ya metali. Mwaka 1926 Frenkel alipiga hesabu ya nguvu inayotakiwa ili safu nzima ya atomi iteleze juu ya nyingine kwa mkupuo mmoja, akapata takriban G (kipimo cha ugumu wa metali dhidi ya kusukumwa kimshazari) gawanya kwa 2π, na kwa shaba ambayo G yake ni kama GPa 48 hiyo inatoka kama GPa 7.6. Lakini fuwele moja ya shaba safi inaanza kuteleza kwa MPa chache tu au hata chini ya hapo, tofauti ni mara maelfu! Jibu lilikuja 1934, Taylor, Orowan na Polanyi kila mmoja kivyake: safu haitelezi yote kwa pamoja, inateleza hatua kwa hatua kwa kupitia kasoro moja ya mstari inayoitwa dislokesheni. Ukishika mhindi wa kuchoma ukaona mstari wa punje unaishia katikati na mistari ya pembeni imejikunja kuziba pengo, pale punje ya mwisho ilipo ndo dislokesheni yenyewe.

Sasa watu wengi wakisikia kasoro za materio, yaani vitu kama metali, wanafikiria lazima uwe na darubini ya elektroni au uzame kwenye fizikia ya kwantamu. Hapana. Sehemu kubwa ya kazi ni jiometri ya nukta: una nukta kwenye karatasi, kila moja inasimama badala ya atomi, unaunganisha majirani, unahesabu namba kamili, basi. Laptopu ya kawaida inatosha, hata simu yenye Colab (huduma ya Google ya kuendesha Python mtandaoni) inatosha. Ila kuna jambo moja nalisisitiza mwongozo mzima, kuona jirani 5 au 7 peke yake hakukupi haki ya kusema umepata dislokesheni, mpaka uzunguke hiyo sehemu uone kama njia inafunga.

Hatua ya 1: pata nukta

Njia ya kwanza ni povu la sabuni. Usilidharau, Bragg na Nye walilitumia pale Cambridge mwaka 1947, viputo vidogo vya sabuni vya upana wa kati ya milimita 0.1 na 2 vinavyoelea juu ya maji vikavutana vyenyewe na kujipanga kama atomi, na kasoro nyingi za vitabuni zikaonekana kwa macho. Nyumbani fanya hivi: sinia pana, maji, sabuni ya maji ya vyombo, gliserini kidogo kutoka duka la dawa ili viputo visipasuke haraka, na pampu ndogo ya tangi la samaki iliyofungwa sindano nyembamba ya hospitali kwenye mpira wake. Sindano izame kina kilekile muda wote na hewa itoke kwa kasi ileile, maana ukibadilisha kimoja saizi ya viputo inabadilika na viputo vya saizi mbili havijipangi vizuri hata ufanyeje. Piga picha ukiwa juu wima kabisa, kila kiputo kitakuwa na doa la mwanga wa taa, na hilo doa ndo nukta yako. ImageJ ni programu ya bure, ina chombo cha kutafuta vilele vya mwanga, inakupa orodha ya x na y moja kwa moja.

Kabla hujaendelea, pima umbali wa kiputo hadi jirani kwenye pande tatu za safu. Zikitofautiana kwa utaratibu uleule picha nzima basi simu ilikuwa imeinama, rudia picha, usijaribu kurekebisha kwa kukisia.

Njia ya pili ni kutengeneza nukta kwa kompyuta, na mi nashauri uanze na hii hata kama una povu, kwa sababu hapa jibu unalijua tayari kwahiyo programu yako ikikosea unaikamata. Latisi, yaani mpangilio wa nukta unaojirudia, ya pembetatu inajengwa na vekta mbili tu, (1, 0) na (1/2, √3/2). Python yake:

    import numpy as np
    from scipy.spatial import Delaunay

    n = 40
    nukta = np.array([(i + 0.5*(j % 2), j*np.sqrt(3)/2)
                      for j in range(n) for i in range(n)])
    nukta += np.random.default_rng(1).normal(0, 0.02, nukta.shape)

    tri = Delaunay(nukta)
    mwanzo, jirani = tri.vertex_neighbor_vertices
    z = np.diff(mwanzo)

Ule mstari wa normal unatikisa kila nukta kidogo, asilimia 2 ya umbali wa majirani. Usiufute. Nukta zilizopangika kikamilifu zinaleta sare kwenye jiometri, hasa pembeni ambako nukta nyingi ziko mstari mmoja, na kwenye sare kompyuta inaamua kwa makosa ya desimali ya 16. Na kama ungetumia latisi ya miraba badala ya pembetatu ingekuwa mbaya zaidi, kila mraba una pembe nne juu ya duara moja kwahiyo ulalo (mstari wa kona hadi kona) unaweza kuchorwa huku au kule, na idadi ya majirani inakuwa bahati nasibu.

Hatua ya 2: nani ni jirani ya nani

Kuna njia mbili na watu huzichanganya. Moja ni ya umbali: unasema yeyote aliye ndani ya r ni jirani. Kwenye latisi ya pembetatu jirani wa kwanza wako umbali 1 na wa pili umbali 1.732, kwahiyo unakata katikati, 1.37 hivi. Inafanya kazi vizuri mpaka pale penye kasoro, na hapo ndo ulipokuwa unapataka, maana karibu na kasoro umbali umenyooshwa au umebanwa na r yako haina tena maana.

Ya pili ni ya Delaunay, jina la Mrusi Boris Delaunay aliyeiandika 1934: unaunganisha nukta tatu kuwa pembetatu kama duara linalopita kwenye hizo tatu halina nukta nyingine ndani yake. Ndugu yake ni seli za Voronoi, za mwaka 1908, ambapo kila nukta inapewa eneo lote lililo karibu nayo kuliko nukta nyingine, na seli mbili zikishirikiana ukuta basi nukta zake ni majirani. Ni picha moja iliyotazamwa pande mbili. Faida kubwa ya Delaunay ni kwamba haina r ya kuchagua. Ile z kwenye programu ya Python hapo juu ndo idadi ya majirani wa kila nukta, ichore kwa rangi, 6 kijivu, 5 nyekundu, 7 bluu.

Pembeni mwa picha utaona rangi nyingi za ajabu. Hizo sio kasoro, ni ukingo tu, achana na nukta zote zilizo ndani ya nafasi mbili kutoka mpakani.

Hatua ya 3: kagua hesabu yako na Euler kabla ya kukagua materio

Hii watu wanairuka na ni hasara kubwa. Ukichukua nukta za ndani ukajumlisha (6 − z), halafu za ukingoni ukajumlisha (4 − z), jumla ya vyote lazima iwe 6, sio karibu na 6, ni 6 kamili. Jaribu kwa kichwa: pembetatu moja tupu, nukta tatu zote za ukingo kila moja ina majirani 2, (4 − 2) mara 3 ni 6. Heksagoni yenye nukta katikati: ya katikati ina 6 inachangia 0, sita za ukingo kila moja ina 3 inachangia 1, jumla 6. Inatokana na kanuni ya mwanahisabati Euler ya pembe, mistari na nyuso. Nukta za ukingo unazipata kwenye tri.convex_hull.

Elewa lakini kipimo hiki kinapima nini. Kinakuwa kweli kwa nukta zozote hata ungezimwaga ovyo, kwahiyo hakikwambii fuwele yako ni nzuri, kinakwambia umehesabu sawasawa. Ukipata 5 au 8 kuna nukta imerudiwa au imedondoka, tafuta kosa kwanza.

Na kanuni hiyohiyo inakupa zawadi nyingine. Kwenye tufe jumla ya (6 − z) ni 12, ndo maana mpira wa ngozi wa kawaida una vipande vyeusi vya pembe tano 12, na molekuli ya kaboni 60 iliyogunduliwa 1985 nayo ina pembetano 12, haiwezi kukwepa. Kwenye kisanduku ambacho ukitokea kulia unaingilia kushoto, kama wanavyofanya kwenye simulesheni, jumla ni 0. Maana yake 5 haiwezi kuzaliwa bila 7 wa kuilipia mahali fulani.

Hatua ya 4: tengeneza kasoro moja moja kwa mkono wako

Anza na nafasi wazi, yaani futa nukta moja ya katikati. Hapa tulia kidogo maana pana utamu. Majirani sita wa aliyeondoka kila mmoja amepoteza jirani mmoja, wote wameshuka hadi 5, na limebaki shimo la heksagoni. Delaunay haiachi shimo, inalijaza kwa milalo mitatu, na kila ulalo unaongeza jirani mmoja kila ncha. Milalo ikikaa zigizaga unapata mbili za 5 na mbili za 7 na mbili za 6. Ikikaa kama pembetatu unapata 5 tatu na 7 tatu zinapishana. Ikitoka yote kwenye pembe moja unapata 8 moja na 5 mbili. Picha tatu tofauti kabisa za kitu kilekile, na inayotokea inategemea ile tikisa ya asilimia 2, badilisha namba ya default_rng utaona zinabadilishana. Jumla ya (6 − z) kwenye zote tatu ni 0. Kwahiyo ukiona mtu anaandika kwamba kapata "aina tatu za kasoro" muulize kwanza kama sio shimo moja.

Atomi iliyojipenyeza ni kinyume chake, ongeza nukta katikati ya pembetatu. Ukiiweka katikati kabisa inaangukia juu ya maduara ya pembetatu tatu za jirani, sare tena, isogeze kidogo kwa makusudi.

Halafu geuza ulalo mmoja: kwenye pembenne yoyote ya pembetatu mbili futa ulalo mfupi chora mrefu. Ncha mbili zinashuka 5, mbili zinapanda 7. Kwenye grafini, yaani tabaka moja tu la atomi za kaboni, kuna kasoro ya namna hii, Stone na Wales waliieleza 1986, pete mbili za kaboni tano na mbili za kaboni saba. Ila kwenye data yako mara nyingi hii ni joto tu, nukta nne zimetikisika vibaya kwa sekunde hiyo. Ongeza tikisa kutoka 0.02 kwenda 0.1 na zaidi utaziona zinachipuka kila mahali bila kasoro yoyote ya kweli.

Sasa dislokesheni yenyewe. Chagua kiini kiwe katikati ya safu mbili, sio juu ya nukta, pima x na y kutoka hapo, chukua b (ukubwa wa mtelezo) = 1, ν (uwiano wa Poisson wa materio) kama 0.3, halafu sogeza kila nukta hivi, ux ni kwenye x na uy ni kwenye y:

    ux = b/(2*pi) * ( arctan2(y, x) + x*y / (2*(1-ν)*(x²+y²)) )
    uy = -b/(2*pi) * ( (1-2ν)/(4*(1-ν)) * ln(x²+y²) + (x²-y²)/(4*(1-ν)*(x²+y²)) )

Nimeiandika kwa alama za hesabu, kwenye Python weka np. pale panapotakiwa. Ni jibu la elastisiti ya kawaida. Ile arctan2 inaruka 2π ukivuka upande wa kushoto wa kiini, kwahiyo nusu ya juu na nusu ya chini zinapishana kwa b kamili, na kwa vile b ni nafasi moja nzima ya latisi, safu zinakutana tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Nusu ya juu imebanwa, ina safu za ziada zinazoishia kwenye kiini. Piga Delaunay upya, unatakiwa uone 5 moja na 7 moja zimegusana, 5 upande uliobanwa na 7 upande ulionyooshwa. Kama haijatoka safi sogeza kiini robo ya nafasi kwenye x. Na ujue hii fomula karibu kabisa na kiini haiaminiki, umbali wa nafasi moja au mbili pale inabidi uziachie nukta zijipange kwa nguvu za kweli, springi au Lennard-Jones (fomula ya kuvutana na kusukumana kwa atomi), ila mbali na kiini iko vizuri sana.

Hatua ya 5: zunguka

Hapa ndo pa kutenganisha kasoro na kelele. Wazo la zamani ni rahisi, tembea nafasi 10 kulia, 10 kwenda juu upande wa digrii 60, 10 kushoto, 10 kushuka. Kwenye fuwele safi unarudi pale ulipoanzia. Ukizunguka dislokesheni unaishia pembeni ya ulipoanzia, na hilo pengo ni vekta ya Burgers, kutoka kwa J. M. Burgers wa Uholanzi, 1939.

Kwa kompyuta usitembee, jumlisha pembetatu. Kila mstari wa Delaunay upime pembe yake, uzungushe kwenda kizidisho cha karibu cha digrii 60, halafu uupe jozi ya namba kamili: 0 ni (1, 0), 60 ni (0, 1), 120 ni (−1, 1), 180 ni (−1, 0), 240 ni (0, −1), 300 ni (1, −1). Zunguka kila pembetatu kinyume cha saa ukijumlisha. Pembetatu nzuri: (1, 0) + (−1, 1) + (0, −1), inatoka (0, 0). Iliyoshika dislokesheni haitoki sifuri. Na hizi ni namba kamili, hamna desimali, hamna "karibu sifuri", ni sifuri au sio sifuri, ndo maana mi naipenda hii njia kuliko kuangalia nishati ya kila atomi ambayo daima inakudai uchague mpaka wa kukata.

Sasa jaribu kwenye zile 5-7-7-5 za joto. Pembetatu mojamoja zinaweza zisifunge, lakini jumlisha zote za eneo hilo, inarudi (0, 0). Mistari ya ndani inafutana kwa sababu kila mmoja umepitwa mara mbili kwa pande tofauti, kinachobaki ni mzunguko wa nje tu. Nafasi wazi nayo vilevile, sifuri. Dislokesheni ya kweli haifutiki hata upanue mzunguko kiasi gani, mpaka ukutane na nyingine yenye alama kinyume.

Kama fuwele yako imekaa kimshazari, kabla ya kuzungusha pembe ondoa kwanza mwelekeo wa sehemu hiyo: kwa kila nukta chukua wastani wa exp(6iθ) wa majirani wote, θ ikiwa pembe ya mstari wa kwenda kwa jirani, pembe ya jibu gawanya kwa 6. Ukubwa wa huo wastani ukiwa karibu na 1 mtaa wake uko sawa, ukishuka sana kuna shida pale.

Hatua ya 6: mipaka ya punje

Kwenye povu utaona haraka mistari ya 5-7-5-7 inakatiza sinia. Huo ni mpaka kati ya fuwele mbili zilizokaa pembe tofauti, (kila fuwele moja huitwa punje), na dislokesheni zake zimepangana kwa umbali D = b / (2 sin(θ/2)), ambapo θ sasa ni tofauti ya pembe ya fuwele hizo mbili. Tofauti ya digrii 5 inakupa D ya b 11.5 hivi, digrii 10 ni b 5.7. Kwa shaba, b ni nanomita 0.256, kwahiyo digrii 5 ni dislokesheni moja kila nanomita 2.9. Pima pembe ya kila upande kwa ile njia ya exp, tofauti yao ndo θ, pima D kwa kuhesabu jozi, linganisha. Zikikubaliana programu yako yote inafanya kazi. Pembe ikizidi digrii 15 hivi viini vinagusana na kuhesabu jozi mojamoja kunapoteza maana.

Ukihamia kwenye 3D

Majirani wanakuwa 12 kwa shaba na alumini, kata umbali kwenye 0.854 ya upande wa mchemraba. Voronoi hapa inasumbua, seli kamili ina nyuso 12 za msambamba lakini kuna pembe zake zinakutana nyuso nne, tikisa kidogo tu vinyuso vidogo vinachipuka na unahesabu majirani 13, 14, kwahiyo vinyuso vya eneo dogo vitupwe. Wengi wanatumia njia ya Honeycutt na Andersen ya 1987: kwa kila jozi ya majirani unahesabu majirani wa pamoja, viunganisho kati yao, na mnyororo mrefu zaidi. Namba hizo tatu zinaandikwa pamoja, na shaba safi inatoa 421 mara 12. Ukipata 421 sita na 422 sita hapo tabaka limekosea mpangilio, na tabaka mbili kama hizo zikifuatana ndani ya shaba umeona kosa la tabaka, ambalo kingo zake ni dislokesheni pungufu, vekta yake ya Burgers ikiwa nanomita 0.148 tu.

Usiandike yote haya mwenyewe. Programu ya LAMMPS inasogeza atomi, ya OVITO inazichora na ina kitu cha kuchora dislokesheni kama mistari na kukuandikia vekta ya Burgers ya kila mmoja, ndani yake wazo ni lilelile la kupa kila mstari vekta ya fuwele kamili na kuzunguka. Anza na kipande kidogo cha shaba cha atomi elfu chache, futa atomi moja, hakikisha OVITO inaona majirani 12 walioathirika na haichori mstari wowote wa dislokesheni, ndipo uanze kuvuta.